Aibu Yako Ndiyo Imezima Hiyo Gari

Mbuzi sita. Hiyo ndiyo bei tuliyolipa sisi huku Nariokotome kwa klipu moja ya paipu ya dizeli. Majike wanne na beberu wawili. Dukani klipu hiyo hiyo ni shilingi hamsini, na bado muuzaji anakupa kwa mkono wa kushoto kwa sababu umemsumbua na pesa kidogo.

Naandika hii kwa sababu najua kuna mtu anaisoma saa hii na gari yake imelala nje chini ya mti, boneti iko wazi, kuku wameanza kuzoea kulala kwa injini. Na huyo mtu anajua kitu ambacho hajamwambia fundi. Wewe. Ndiyo, wewe. Kaa hapa tuongee.

Msimamo wangu ni huu. Gari kuukuu ikikataa kuwaka baada ya kutengenezwa nyumbani, kitu cha kwanza kuchunguza ni mahali mkono wa mwisho ulipogusa. Sio umri wa gari. Sio pampu. Sio mashetani. Na kinachotuzuia kuangalia hapo si ukosefu wa mashine wala ukosefu wa vyeti. Ni aibu. Tunacheka watu wanaojaribu, wao wanaficha walichofanya, na fundi anabaki kutafuta ugonjwa gizani kwa pesa ya mtu.

Sasa nianze na mimi mwenyewe, kabla mniambie nimeanza na wengine.

Gari yetu ni Land Cruiser pikapu ya mwaka 1994, injini ya 1HZ, dizeli, silinda sita. Haina kompyuta hata moja ya kuendesha injini. Marehemu baba aliinunua mnadani Lokichoggio, baada ya ile amani ya Sudan ya mwaka 2005, mashirika ya misaada yalipoanza kufunga virago. Tangu siku hiyo ndiyo kazi yetu. Inabeba samaki wakavu kutoka huku ziwani, inapita Kataboi mpaka Kalokol na Lodwar, inarudi na unga, sukari, mabati na watu. Usiku mtu akizidiwa, hodi inapigwa kwetu. Kwa hivyo ikilala, si sisi peke yetu tunaoumia.

Mimi nilisoma uhandisi wa mitambo chuo kikuu kwa mihula minne. Karo ikaisha kabla ya masomo. Nikarudi nyumbani na simu, nikaanza kutengeneza video, na mnajua majina niliyopewa. "Injinia nusu" ndilo la heshima kidogo. Mengine siandiki hapa, mama anasoma.

Jumamosi moja nikaamua kubadilisha filta ya dizeli. Ilikuwa imeziba, ukiimwaga inatoa maji na matope. Nikiwa hapo nikaona paipu ya mpira inayotoka upande wa tangi kuingia kwenye filta imepasukapasuka na jua. Nikaikata, nikaweka kipande kingine nilichokuwa nacho. Kilikuwa kipana kidogo. Klipu ya zamani ilikuwa na kutu, ikakatikia mkononi mwangu. Sikuwa na nyingine. Nikachukua waya wa fensi, nikafunga, nikakaza na koleo, nikajiambia itashika.

Nikapiga ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta mpaka ikawa ngumu. Nikawasha. Gari ikawaka! Nikatoa simu haraka nirekodi ushindi. Hata nusu dakika haijaisha, ikakohoa, ikazima. Nikapiga stata tena. Stata inazunguka vizuri, betri iko na nguvu, lakini injini haishiki.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na sizungumzii waya wa fensi. Nilifunga boneti, nikanawa mikono kwa sabuni, nikaingia ndani na kumwambia mama kwamba gari imekataa yenyewe.

Fundi aliletwa kwa pikipiki. Simtaji jina wala mji, kwa sababu kosa lake ni la wengi. Kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa sawa kabisa: "Nani ameshika hii gari?"

Watu wote wakaniangalia. Pale kwenye kivuli walikuwa wamekaa vijana watano, meno yako nje tayari, wakingoja. Nikasema, "Hakuna."

Neno moja tu, hakuna. Mbuzi sita walikufia hapo.

Fundi akasikiliza stata dakika moja, akatingisha kichwa. "Mama, hapa pampu imeenda."

Mama akamuuliza, "Imeenda wapi na juzi imeleta samaki?"

"Ndivyo pampu hufa, mama. Haipigi hodi."

Pampu ikafunguliwa. Ikapelekwa Lodwar, ikapandishwa basi mpaka Kitale, karibu kilomita 300, kupimwa na kuwekwa sili mpya. Siku tisa. Nauli, kazi ya gereji, sili, siku za fundi, chakula cha fundi. Mbuzi wakauzwa wawili wawili. Gunia tatu za samaki tulizokuwa tumekusanya zikaingia wadudu. Na usiku mmoja katikati ya hizo siku, jirani yetu mjamzito alipelekwa kujifungua kwa pikipiki, amekaa katikati ya watu wawili, barabara mnaijua. Alifika salama, mtoto yuko, namshukuru Mungu. Lakini mimi nililala macho wazi, kwa sababu mimi peke yangu nilijua kwamba pengine gari haikuwa na ugonjwa wowote zaidi ya mimi.

Pampu ikarudi. Ikafungwa. Ikapigwa mkono, gari ikawaka, nusu dakika, ikakohoa, ikazima. Vile vile!

Siku ya kumi nikamwambia mama ukweli. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unangoja mbuzi waishe?"

Kazi iliyobaki ilichukua dakika kumi na haikuhitaji shilingi. Tulichukua jerikeni ya lita tano, tukaosha, tukaweka dizeli safi, tukaifunga juu kuliko injini. Tukaitoa ile paipu ya kutoka kwenye tangi, tukaleta paipu nyingine kutoka kwa jerikeni moja kwa moja mpaka kwa filta. Tukapiga pampu ya mkono, tukawasha. Gari ikawaka na haikuzima. Tuliiacha inanguruma tukinywa chai.

Fikiria hiyo inakuambia nini. Kama injini inafanya kazi vizuri ikinyweshwa kwa jerikeni, basi pampu ni nzima, nozeli ni nzima, kila kitu kuanzia filta kwenda mbele ni kizima. Ugonjwa uko kati ya tangi na filta. Na kati ya tangi na filta kulikuwa na kitu kimoja kipya tu: kazi ya mikono yangu.

Wacha nieleze, kwa sababu hii imedanganya watu wengi. Upande wa tangi, dizeli kwa injini kama hii haisukumwi, inafyonzwa. Pampu iko mbele inavuta. Kwa hivyo paipu ikiwa na nafasi, dizeli haitadondoka nje ukaiona. Hewa ndiyo itaingia ndani. Unainama chini, unaona pakavu, unasema hakuna mahali panavuja. Kumbe panavuja kuelekea ndani. Na dizeli haibanwi kirahisi, lakini hewa inabanwa kama sponji. Pampu inasukuma, hewa inajikunja, presha haifiki ya kufungua nozeli, injini hainywi kitu. Ile nusu dakika ya kwanza ilikuwa ni dizeli niliyoisukuma mimi kwa mkono. Ilipoisha, hewa ikafuata. Kama ningemwambia fundi, "Nilikata paipu hapa nikafunga na waya," angeenda hapo kwanza, na mbuzi wangekuwa malishoni.

Sasa nawageukia nyinyi mnaokaa kwenye kivuli.

Mnasema ni utani tu. Sawa, lakini utani wenu una bei, na hamuilipi nyinyi. Mtu akijaribu kufungua filta mnamwita injinia nusu. Akikosea mnaimba wiki nzima. Siku nyingine atakosea tena, kwa sababu kila anayeshika spana hukosea, na hiyo siku hatasema. Mgonjwa akiulizwa na daktari amekunywa dawa gani, akificha mitishamba kwa kuogopa kuchekwa, daktari atatibu ugonjwa ambao haupo. Gari ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba gari haiwezi kujieleza. Anayeweza kuieleza ni yule aliyeigusa, na huyo ndiye mmemfunga mdomo.

Na usiniambie suluhisho ni watu waache kushika magari yao. Huku kwetu mpaka Lodwar ni zaidi ya kilomita 100. Kama kila filta, kila mkanda, kila paipu inangoja fundi, basi hakuna gari itatembea. Breki na usukani nakubali, hapo usijifunzie. Lakini filta ya dizeli? Lazima mwenye gari aijue. Kutengeneza nyumbani si ujeuri, ni lazima. Kilicho cha hiari ni kusema ukweli baadaye.

Mafundi nao msipige makofi, sijamaliza.

Yule fundi aliuliza swali zuri, akakubali jibu baya. Watu wote wameniangalia, nimesema hakuna, na filta mpya inang'aa mbele yake kama jino la dhahabu! Macho yake yangemwambia. Badala yake akaruka moja kwa moja kwa kitu cha bei ghali kuliko vyote. Huo ndio ugonjwa wa badilisha-badilisha. Badilisha pampu. Haijawaka? Badilisha nozeli. Haijawaka? Badilisha hita plagi. Kwa joto hili la Turkana, saa saba mchana, unaniambia injini hii imekataa kuwaka kwa sababu ya baridi?

Kubadilisha spea bila kujua si ufundi, ni bahati nasibu, na tikiti inanunuliwa kwa mifugo ya mtu mwingine.

Gari yenyewe inasema, ukiisikiliza kwa mpangilio. Stata haizunguki, au inalia tu "tik"? Huo ni umeme: angalia betri, vichwa vya betri, na ule waya mweusi unaoshika bodi na injini, ambao watu huufungua wakitengeneza kitu kingine na kusahau kuurudisha. Stata inazunguka vizuri lakini ekzosi haitoi moshi wowote? Dizeli haifiki: tafuta hewa, tafuta paipu, sikiliza ile swichi ya umeme kwa pampu kama inalia ukifungua ufunguo. Inatoa moshi mweupe mwingi lakini haishiki? Dizeli inafika ila haiwaki vizuri, hapo sasa fikiria hita plagi, taiming, kompresheni. Inawaka halafu inazima? Tafuta hewa kwanza. Na kama ni ya petroli na ulitoa waya za plagi zote kwa mpigo, usilaumu kabureta kabla hujahakikisha umezirudisha kwa mpangilio wake. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji kuuza mbuzi.

Na sisi wa video. Ee, sisi wenyewe. Tunajua kinachopendwa ni miujiza: "Gari kuukuu imewaka kwa sekunde tano!" Unaona mtu amechovya kitambaa kwa petroli, anakiweka mdomoni mwa paipu ya hewa ya injini ya dizeli, mwingine anapiga stata. Hata kwetu mtu mmoja alipendekeza hivyo. Hiyo kitu ni hatari. Hita plagi zikiwa moto, huo mvuke unawaka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Unaweza kuvunja ringi, unaweza kuvunja pistoni yenyewe, na unaweza kujichoma uso. Utakuwa umetoka kwa shida ya klipu ukaingia kwa shida ya injini nzima. Lakini video itapendwa. Video ya mtu anayekaza klipu nani ataitazama?

Najua jibu la wengine: uzeni huo mkweche, nunueni gari ya maana. Sheria yenyewe ya Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane, kwa nini nyinyi mnang'ang'ania ya mwaka 1994? Nimesikia. Kwanza pesa, tuanzie hapo. Pili, gari mpya ya dizeli inaongozwa na kompyuta na sensa. Ikikataa, inataka mashine ya kuisoma, na mashine hiyo huku kwetu mimi sijaiona. Hii kuukuu ilijibu swali la jerikeni na paipu. Sisemi haina shida, moshi wake naujua na vumbi linaloingia kwa mlango nalijua. Nasema kwa hii barabara, gari unayoweza kuielewa ina thamani kuliko gari inayong'aa. Lakini kuielewa kunataka ukweli. Ukiificha, hata hiyo faida moja umeitupa.

Nimalizie na mtu wa hapa hapa, ingawa hakuzaliwa hapa. Mwaka 1984, kando ya huu mto wetu wa msimu wa Nariokotome, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto. Kutoka hicho kipande, timu ya Richard Leakey na Alan Walker ilichimba na kuchekecha mchanga mpaka wakapata mifupa mingi ya kijana aliyeishi kama miaka milioni moja na nusu iliyopita, yule dunia inamwita Turkana Boy. Kamoya hakuwahi kukaa darasa la chuo kikuu. Shahada ya heshima alipewa na Case Western Reserve ya Marekani mwaka 2021, na mwaka uliofuata akafariki.

Simtaji ili nijipake mafuta kwamba na mimi sina digrii. Hapana. Namtaja kwa sababu ya ile kazi yenyewe. Watu wanaotafuta mifupa hawang'oi tu. Kabla mfupa haujainuliwa, inaandikwa ulikuwa wapi, kwa sababu ukishaubeba bila kuandika, umepoteza habari ambayo hairudi. Kitu kisichoandikwa kilipokuwa ni kama hakikuwahi kuwa hapo. Mimi nilitoa paipu ya miaka na miaka bila kupiga hata picha moja, na simu iko mfukoni, simu ambayo ndiyo inanilisha! Niliitoa kurekodi ushindi tu. Kazi sikurekodi.

Kwa hivyo siku hizi nafanya hivi. Kabla sijafungua nati, napiga picha. Nabadilisha kitu kimoja, nawasha, ndipo naenda kwa kingine, ili ikikataa nijue ni nani. Na fundi akishuka kwa pikipiki, kabla ya salamu kuisha namwambia: nilishika hapa na hapa, hiki nilikosa nikaweka kile. Wanacheka. Wacha wacheke. Kicheko hakijawahi kula mbuzi wangu, uongo umekula sita.

Klipu ililetwa na mtu wa pikipiki kutoka Lodwar, pamoja na kipande cha paipu ya saizi yake. Gari iliwaka leo alfajiri kwa stata moja, na saa hii iko njiani Kalokol na samaki. Mama bado anahesabu mbuzi kila jioni, na akifika kwa wa mwisho ananiangalia.

Mtu akikuambia kesho, "Ni mimi niliigusa," usimcheke. Mwambie akuonyeshe wapi.